Harufu ya Mkoba Wako

Kannauj,
Jumanne, 28 Novemba 2023

Baba yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta umeketi kwenye kiti chako cha uani, jua la asubuhi limekuangukia mabegani, na goti lako la kulia limekuonea huruma kuliko msimu wa baridi uliopita. Mama naye hajambo? Mwambie soksi alizonifumia nazivaa kila siku na kidole gumba hakijatokeza bado. Mimi mwili ni mzima, namshukuru Mungu. Chakula napata chote, usingizi napata nusu. Mama mkwe anakusalimu sana, na amenisisitiza niandike kwamba yale maembe uliyoleta siku za msiba hajausahau utamu wake, ijapokuwa wakati ule hakuweza kusema asante.

Ujumbe wako niliupata Jumapili. Mama alinipigia simu, akalia kwanza, kisha akaniambia kwamba umesema nijitayarishe, kwamba utakuja Ijumaa baada ya sala pamoja na gari la kukodi, unichukue nikamalizie eda yangu huko nyumbani Shahjahanpur. Alisema shemeji yangu Nadir ndiye aliyekupigia. Alisema pia kwamba tangu upokee simu hiyo hujala vizuri. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote.

Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini wewe husikii vizuri kwenye simu, na usiposikia unapaza sauti, na ukipaza sauti mtaa mzima unajua swali na jibu. Tena ulitufundisha kwamba jambo zito huandikwa, kwa sababu mkono huenda polepole kuliko ulimi. Nimekaa na shajara yangu mbele yangu ili tarehe zisinipotee. Nakuomba kitu kimoja tu: soma mpaka mwisho kabla hujamlipa mwenye gari.

Nadir alikuambia kwamba chumbani kwangu kunanukia mafuta ya ngozi, yale mafuta yetu ya majira ya baridi wanayojipaka wanaume, na kwamba mjane wa kaka yake anajipaka manukato kabla eda haijaisha. Hakukudanganya kuhusu harufu, Baba. Harufu ipo. Ipo kwenye shuka, ipo kwenye pazia, na nikiinama kusujudu naikuta kwenye mkeka.

Mafuta yenyewe unayajua, kwa sababu unayo chupa yake katika kabati, jirani na dawa ya goti. Baridi ikianza unajipaka nyuma ya masikio na kwenye ukingo wa shali, unakwenda msikitini, na ukirudi Mama anasema ameingia nawabu, mtawala wa enzi za kale. Umewaambia wazee wenzako kwamba mkwe wako Irtiza alikuwa na pua ambayo Mungu huitoa mara moja katika kila kizazi. Lakini sidhani kama niliwahi kukueleza yanavyopikwa. Karafuu, iliki, kungumanga, basibasi, mizizi na magome ya miti, pamoja na mbegu zile zinazonukia miski, vyote huchemshwa katika vyungu vikubwa vya shaba juu ya moto wa kuni na samadi kavu, na mvuke wake hushuka ndani ya mafuta ya msandali. Yakishapoa humiminwa ndani ya kuppi, yaani chupa za ngozi ya ngamia, zikawekwa darini juani. Ngozi hunywa maji yaliyobaki. Nyumba nyingine hapa mjini huyatoa mafuta maji yakiisha. Nyumba yetu huyaacha zaidi, mpaka mafuta nayo yainywe ngozi. Hapo ndipo penye kazi. Yakitolewa mapema ni viungo vya pilau. Yakichelewa ni mtaa wa watengeneza ngozi wa Kanpur wakati wa mvua. Katikati ya hayo mawili kuna siku chache tu, na siku hizo kalenda haizijui.

Mwaka huu mvua ilichelewa kuondoka na jua la Oktoba lilikuwa dhaifu. Unakumbuka, kwa sababu siku zile ulilalamika kwamba maharage hayakauki darini kwako. Basi na kuppi nazo zimenywa polepole. Lakini Nadir ameangalia tarehe ya mwaka jana na kusema zitafunguliwa Jumamosi hii, siku moja baada ya wewe kuja. Simlaumu. Kazi yake ilikuwa kuuza, kusafirisha, kuongea na watu. Kukaa na kuppi ilikuwa kazi ya kaka yake. Amekonda tangu Agosti, na mkanda wake ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Anaogopa, na mtu anayeogopa hushika tarehe kwa kuwa ni kitu kinachoshikika.

Anachoogopa ni Haji Burhan wa Hyderabad. Huyo ndiye anayenunua mafuta yetu yote ya baridi, na baba yake alinunua kabla yake. Alipiga simu wiki iliyopita, Nadir akaifungulia sauti tusikie sote, mimi nikiwa nyuma ya mlango. Haji alisema anakuja wiki ya kwanza ya Desemba. Nadir akaanza kusema kwamba mwaka huu ni wa msiba, Haji ataelewa. Haji akamkata. Alisema, “Kijana, nakuja kunusa, siji kulia. Kulia nililia Agosti. Nataka kujua kama nyumba hiyo bado ina pua au ina kibao tu mlangoni.” Kisha Nadir akatuambia bila kututazama kwamba Haji akiyakataa mafuta, yeye atauza vyungu vya shaba, kuppi na jina la nyumba kwa yule mfanyabiashara wa barabara kuu anayeuza manukato ya dawa za kiwandani, ambaye ameshauliza mara mbili. Mama mkwe atahamia Lucknow, ghorofa ya tatu, kwa Nadir na mkewe, ambao wako hapa tangu msiba tu. Mimi hakunitaja. Sina mtoto wa kunipa pembe katika mipango ya mtu.

Sasa nikueleze jinsi maneno yalivyoanza. Alhamisi, tarehe 16, Tarannum, mke wa Nadir, aliniletea dengu mlangoni. Alisimama kizingitini, akatulia kama paka aliyesikia kitu ukutani, kisha akaniuliza, “Dada, chumba hiki kina mjane au kina bwana harusi?” Akacheka peke yake. Nilimwambia kwamba blanketi ni la Irtiza na sufi haisahau. Akasema, “Sufi haisahau, kweli, lakini sufi haiamki asubuhi ikajipaka upya. Hiyo ni ya leo.” Baba, Tarannum amezaliwa hapa. Mtoto wa Kannauj humdanganyi kwa harufu ya jana, kama usivyoweza kumdanganya mtoto wa mchinjaji kwa nyama ya juzi. Nilipokea bakuli la dengu nikafunga mlango, na nadhani kule kufunga mlango ndiko kulikonihukumu.

Baada ya siku mbili alikuja Nadir mwenyewe. Hakuingia. Alikohoa nje, akaongea na ukuta. Alisema, “Shemeji, mimi sikuhukumu. Wewe ni mtu uliyesoma, unajua mipaka. Lakini watu wana pua.” Nikamjibu kwamba sijajipaka kitu chochote. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba, “Basi ni nani?” Sikumjibu. Akaondoka. Tangu siku hiyo wanawake wanaokuja kunipa pole hukaa karibu na dirisha, na mmoja, jirani yetu wa nyumba ya pili, aliniambia kwamba siku hizi mjane huwezi kumjua ila umwulize. Nilimmiminia chai. Ikamwagika kwenye sahani, na hilo nalo bila shaka amelitafsiri.

Sikumjibu Nadir kwa sababu jibu lilikuwa na watu wawili ndani yake, na mmoja wao yuko kaburini.

Baba, Irtiza hakuwa na pua.

Niliandika sentensi hiyo jana nikaichana. Leo naiacha. Unakumbuka ile homa ya Aprili 2021, iliyotufungia majumbani na kumaliza kuni za kuchomea maiti mijini. Sote wawili tuliugua, sote tulipoteza harufu. Mimi ilinirudia baada ya wiki chache: niliamka nikasikia harufu ya kitunguu cha jirani nikalia kwa furaha. Nikadhani naye imemrudia, kwa kuwa alisema hivyo. Kisha siku moja niliacha maziwa jikoni nikaenda kuanua nguo. Niliporudi, maziwa yalikuwa yamemwagika motoni na yameungua, na Irtiza alikuwa ameketi hatua mbili kutoka jikoni akisoma gazeti. Aliinua kichwa pale tu macho yake yalipoanza kutoka machozi kwa moshi. Alinitazama. Nilimtazama. Hakuna mfano mwingine nitakaoweza kukupa wewe ila huu: ni kama mwalimu ameamka asubuhi, vitabu vyote vipo, na herufi zimefutika.

Madaktari walisema asubiri. Alisubiri. Haikurudi. Lakini kichwani mwake alikuwa na kila kitu: alijua kungumanga ikizidi inafuatwa na nini, alijua ngozi changa inavyofanya kwenye jua kali. Alikosa tu mtu wa kumwambia kinachotokea. Na mafuta haya karatasi ya kunusia haiwezi kuyapima. Lazima yavaliwe na mtu mwenye damu ya moto, apike nayo, afue nayo, alale nayo. Basi msimu ule wa baridi, baada ya sala ya alfajiri, alichovya kijiti kwenye kuppi, akanipaka nyuma ya sikio la kushoto, kooni, na ndani ya kiwiko. Akaniambia nifanye kazi zangu kama kawaida. Kila adhana ilipolia alikuja jikoni kwa kisingizio cha maji, akaniuliza polepole, “Yanasema nini?”

Mwanzoni sikujua kujibu. Mafuta ya waridi yanakuja na kujitambulisha mara moja, lakini haya ni ya kushindana nayo. Asubuhi karafuu inakupiga kwenye paji la uso, kama mtu amekufungulia mkebe wa viungo mbele ya macho. Iliki na basibasi zinafuata, mashavu yanapata moto, na mtu unajihisi umekaripiwa. Adhuhuri viungo vinachoka, inapanda mizizi, harufu ya udongo uliomwagiwa maji karibu na jiko. Halafu alasiri, unapokuwa umeshayasahau, unainua mkono kupanga nywele na inatoka ngozi. Na chini ya ngozi miski. Miski, Baba, haina harufu ya kitu. Ina harufu ya mtu. Ni kama mtu alikuwa ameketi karibu nawe akaondoka sasa hivi, na mto bado una moto wake.

Niliona haya kuvaa mafuta ya kiume. Nilihisi nimevaa koti la mtu mwenye mabega mapana. Muuza mboga alikuja mlangoni siku moja akamwamkia bwana mwenye nyumba kwa harufu tu, akainua macho akaniona mimi na kitunguu mkononi. Kwenye harusi nilisema nimeazima shali ya mume wangu. Siku zote nilikuwa na wasiwasi, nikihesabu nani amekaa karibu, upepo unatoka wapi. Lakini nitakuambia ukweli wote: niliyapenda. Nilitembea wima nikiwa nayo. Na jioni, nilipomwambia Irtiza yanasema nini, alifumba macho kama anasikiliza wimbo kutoka chumba cha pili, akasema, “Basi kuppi za upande wa mashariki tuzisogeze kivulini.” Na zikawa sawasawa. Misimu miwili tulifanya hivyo, na Haji Burhan alichukua yote na kuomba zaidi. Aliyekuwa akisifiwa ni yeye, na sikuona vibaya. Nilikuwa nimevaa siri yake shingoni na hakuna aliyeijua.

Kisha ikaja Agosti, moyo wake ukasimama akiwa darini, na mwezi uliofuata vyungu vilivyokuwa tayari vikapikwa na mafundi na kumiminwa kama kawaida. Mimi nikakaa eda. Ngozi yangu ikawa tupu. Mafuta yako juu ya kichwa changu, nasikia ngazi zikipandwa na kushukwa, na ninaloweza kufanya ni kukaa chini na kukisia. Usiku najiuliza: wakifungua mapema? Wakichelewa? Naamka, natawadha, nasali, narudi kitandani, naanza tena.

Jumapili, tarehe 5 mwezi huu, mama mkwe aliingia chumbani kwangu, akafunga mlango kwa mgongo, akakunja mkono wa gauni lake mpaka juu ya kiwiko. Mkononi alikuwa na kijiti cha kuppi. Unamjua alivyo: miaka sabini na mbili, mwembamba kama ufagio, mjane tangu mwaka wa themanini na tisa. Eda yake ilikwisha zamani na hakuna aliyemkataza manukato, ila alijikataza mwenyewe, kwa desturi na kwa haya, na sote tumemjua akinukia sabuni tu. Alinyoosha mkono mbele yangu. Nilimwuliza anafanya nini. Akasema, “Sikuambii ujipake. Nakuambia unuse mkono wa mama yako.”

Nikajifanya sielewi. Akakaa kitandani. Alisema, “Nimnyonyeshe mtoto mimi, halafu pua yake ife nisijue? Nilimpa wali wa dengu uliochacha, akasema mtamu. Alianza kusema mtamu kabla hajatia mdomoni. Mwanangu tangu utotoni alikuwa ananusa chakula kama paka, na ghafla anakila kama askari. Nikanyamaza. Kisha nikawa nawasikia jikoni kila adhana: yanasema nini, yanasema nini. Nikajua ama mnapima mafuta ama mnafuga kasuku.”

Nilicheka, Baba. Mara ya kwanza tangu Agosti. Nikaziba mdomo kwa mtandio, na kucheka kukageuka, nikalia kwenye bega lake mpaka akaniambia nimelowesha gauni na mafuta yatapotea.

Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeyavaa. Kila alfajiri anapanda darini kwa fimbo yake, anasema anakwenda kuota jua, na anashuka amejipaka. Kila adhana naushika mkono wake nanusa. Siku ya kwanza alikaa kutwa nzima ameuelekea ukuta, hakula, nikaogopa moyo. Jioni nikamwuliza kama nimfute kwa maji ya moto. Akasema, “Ukinifuta nitakuchapa.” Halafu akasema kwamba ni harufu ya baba yake Irtiza akirudi kutoka dukani, kabla hajabadilisha kanzu. Akaomba chai yenye sukari nyingi, ambayo daktari amemkataza, na nikampa. Siku hizi anaketi wima. Nikichelewa ananiita kutoka uani mbele ya watu, “Wewe binti, mbona leo hujaja kuniona?” na watu wanadhani ni huzuni inayotufunga.

Tunalala chumba kimoja. Hiyo ndiyo harufu aliyoikuta Tarannum. Hiyo ndiyo harufu uliyoambiwa.

Nilipomwambia maneno yanayosemwa, mama mkwe alichukua fimbo akataka kutoka uani, ainue mkono, na kila mwenye pua aje anuse. Nilimshika magoti. Kwanza, Tarannum angepata kicheko cha mwaka mzima: bibi kizee amejipaka kama bwana harusi. Na mama huyu ndiye atakayekwenda kuishi na kicheko hicho ghorofa ya tatu, siku zote, kama nyumba itauzwa. Pili, wangeuliza kwa nini, na jibu lingefukua kaburi la Irtiza. Nilimwambia, acha waniseme mimi. Alisema mimi ni mjinga, kisha akanisuka nywele.

Sasa nifike kwenye hofu yangu yenyewe, ambayo hata yeye sijamweleza yote. Ngozi yake ni ya zamani na kavu. Haishiki mafuta kama yangu. Kwangu harufu ya ngozi ilipanda alasiri. Kwake inapanda adhuhuri na kufikia magharibi imeshaondoka. Ni kama kusomewa barua na mtu anayeruka mistari. Leo karafuu bado inapiga kelele, na ngozi inayokuja ina ukali wa viatu vipya. Nadhani bado. Nadhani yanahitaji wiki moja, labda zaidi kidogo. Lakini nadhani tu, na nyumba nzima imesimama juu ya kudhani kwangu. Nikisema wasubiri na nikakosea, nimeyaharibu. Nikinyamaza Jumamosi wakafungua viungo vya pilau, Haji atanusa mara moja tu na kuomba gari lake.

Ijumaa iliyopita, wakati wa sala, wanaume wote walipokuwa msikitini, nilipanda darini mwenyewe. Nilifungua kuppi ya mwisho upande wa mashariki. Nilichovya kijiti. Nilikileta kwenye kiwiko changu mpaka nikahisi ubaridi wake kabla hakijagusa. Tone moja lingeniambia kila kitu kufikia jioni. Nilisimama hivyo mpaka nikasikia watu wanarudi barabarani. Kisha nikakirudisha, nikafunga, nikashuka. Sikujipaka, Baba, nakuapia. Lakini sitakuficha kwamba mkono ulifika.

Na jambo la mwisho ndilo hili, ambalo lingepaswa kukufurahisha, na mimi ninaliandika kwa woga kama mtoto anayeleta daftari. Msimu ule wa kwanza nilikuwa nahangaika na maneno. Irtiza aliuliza yanasema nini, nami nikajibu karafuu, ngozi, sijui. Alasiri moja, nikikanda unga, ilinijia harufu kutoka kiwikoni nikasema bila kufikiri, “Yanasema Baba amerudi kutoka shuleni.” Akaniomba nieleze. Nikamweleza mkoba wako. Ile ngozi ya nyati iliyolainika, chaki, karafuu ulizoweka kwenye mfuko mdogo kwa ajili ya jino lako, na ule mkanda uliokunywa jasho la shingo yako kwa miaka yote ile. Nilimwambia kwamba kabla hujavua viatu nilikuwa natumbukiza uso wote ndani, nikijidai natafuta mapera. Irtiza alipanda darini akafungua kuppi zote jioni ile ile. Ndiyo mafuta yaliyomfanya Haji Burhan akae chini.

Tangu hapo hakuuliza tena yanasema nini. Aliuliza, “Mkoba?” Nikajibu, “Bado.” Kesho yake, “Mkoba?” “Bado.” Mpaka siku nilipomwambia, “Mkoba.” Hayo ndiyo mafuta unayojipaka, Baba. Siku ya Idi uliniambia kwamba yana kitu ndani yake unachokijua lakini jina lake limekupotea. Niliinamisha kichwa kwa kuwa siri haikuwa yangu peke yangu. Jina lake ni wewe.

Lakini ni muda mrefu sijaugusa mkoba huo, na huzuni imenichanganyia kumbukumbu. Kila nikinusa mkono wa mama mkwe nasema bado, halafu najiuliza, bado kuliko nini? Naomba, kama Mama hajaugawa, uutoe kabatini uniletee. Nitaushika mkanda wake kwa mkono mmoja na mkono wa mama mkwe kwa mwingine, nami nitajua. Sijui sheria yoyote inayomkataza mjane kunusa mkoba wa baba yake. Na nikishajua, nataka uwe umesimama kando yangu ninapomwambia Nadir asubiri au afungue. Yeye anakuheshimu, mimi atanisikiliza kwa sababu yako kwanza, na baadaye, Inshallah, kwa sababu yangu. Kuhusu Irtiza nitamwambia mimi mwenyewe, yeye peke yake. Mama mkwe ameniruhusu. Alisema ndugu wa damu ana haki ya kujua uzito wa kitu anachotaka kuuza.

Ukiwa umeamua bado kunichukua, nitaingia kwenye gari. Sijawahi kukukatalia na sitaanza sasa. Ila nataka uchague ukiwa unajua.

Barua hii namkabidhi Bwana Zakir muuza vitabu, yule mwanafunzi wako wa zamani, anayesafiri kesho asubuhi. Mpe chai, na usimuulize alama za hesabu, bado anaogopa. Msalimie Mama, mwambie asilie tena kwenye simu. Wasalimie wazee wa msikitini. Mama mkwe anasema ukija atakupokea mwenyewe, na usishangae akinukia.

Ijumaa nitakuwa nyuma ya pazia la dirisha la mbele. Gari sitalitazama. Nitatazama bega lako, kama lina mkanda.

Mwanao akupendaye,
Naushaba